Lazima ya Nani?

Kosa nitakalolisimulia hapa ni langu mwenyewe. Naanza nalo kabla sijamlaumu mtu mwingine, juu nikianza na wengine mtasema huyu kijana anajiosha.

Mwaka juzi, hapa Nakivale, ofisi moja iliniletea karatasi ya Kiingereza na kuniomba niitafsiri haraka haraka ili ibandikwe kabla ya jioni. Lilikuwa tangazo la uhakiki wa kadi za familia. Mstari mmoja ulisema: "You do not have to bring your children." Mimi nikaandika: "Hutakiwi kuleta watoto." Nikaona imekaa vizuri. Nikarudisha karatasi, nikaenda zangu uwanjani kuangalia mpira.

Siku ya uhakiki nilikuwa pale nikisaidia kupanga foleni. Kwenye saa nane mchana nikamwona mama mmoja amejifunika kitenge kifuani, jua kali, jasho linamtoka, na hataki kukifungua. Nikasogea nikamwuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Halafu nikaona blauzi yake imelowa maziwa. Alikuwa na mtoto wa miezi mitatu, amemwacha kwa binti wa jirani tangu saa kumi na mbili asubuhi, na mtoto huyo hajui chupa wala uji.

"Mama, mbona hukuja naye?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Mwanangu, si mliandika kwamba hatutakiwi kuleta watoto? Nikasema nikija naye watanirudisha, na siku yangu itapita."

Karatasi ya Kiingereza ilimpa uhuru: ukitaka mlete mtoto, ukitaka mwache nyumbani, kwetu ni sawa. Karatasi yangu ilimkataza. Katikati ya hizo mbili hakukuwa na hila ya mtu yeyote wala chuki ya mzungu. Nilikuwepo mimi tu, kijana wa kwenu, niliyemaliza sekondari, ninayesifiwa kwamba Kiingereza nakiweza.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma matangazo ya ukutani kama mtu anayetafuta chawa kwenye shuka. Na nilichokiona kimenikasirisha mpaka nimeamua kukiandika. Nasema hivi: sisi wakimbizi tunafundishwa maneno ya lazima ya Kiingereza kwa namna inayotufanya tutii kila kitu na tusidai chochote. Walimu wetu wanafanya hivyo. Wakalimani wetu wanafanya hivyo. Sisi viongozi wa vijana tunafanya hivyo, na tunajipigia makofi.

Tuanze na shule. Mimi nilianza masomo Kongo kwa Kifaransa, na wengi mnaosoma ukurasa huu ndivyo mlivyoanza. Kifaransa kilitupa neno "devoir". Mwalimu akikupa kazi ya nyumbani, hiyo ni "devoir". Ukikopa sukari dukani, kuwa na deni nako ni "devoir". Ukipashwa kusafiri kesho, vilevile ni "devoir". Kisha kuna "il faut", ambayo haina hata mwenyewe. Inafaa, inapashwa, sherti. Nani kasema? Hakuna anayejua. Imesemwa tu, basi fanya.

Tukavuka mpaka, tukaingia shule za Kiingereza. Wengine tulirudishwa madarasa mawili au matatu nyuma juu ya lugha, tukakaa na watoto wadogo, magoti yanagonga dawati. Siku ikafika ya kufundishwa vitenzi visaidizi. Mwalimu akaandika ubaoni kwa safu: must, have to, should, ought to, need to. Mbele ya safu nzima akachora mabano moja kubwa, akaandika neno moja: lazima. Tukanakili. Kisha mifano. Nakumbuka mifano hiyo kwa sababu nimeikuta tena kwenye madaftari ya vijana wangu: you must obey your teacher, you must not be late, you should respect elders, you have to keep quiet.

Angalieni vizuri mifano hiyo. Anayelazimishwa ni nani katika kila sentensi? Ni wewe mtoto. Sijawahi kuona daftari lenye mfano unaosema ofisi inalazimika kukujibu, au mwalimu anapaswa kukueleza kwa nini umefeli. Sarufi tulifundishwa ikiwa imeshachanganywa na adabu, kama dawa iliyochanganywa kwenye uji, na tukaimeza yote. Adabu ni nzuri, mama yangu alinilea kwa adabu. Lakini somo la Kiingereza liwe somo la Kiingereza.

Matokeo yake ni haya. Mwaka jana alikuja mgeni kwenye klabu yetu ya vijana, mtu mpole tu, akakuta watoto wametoka kufyatua tofali. Akawaambia kwa huruma: "You must be hungry." Mtoto mmoja akasimama wima, mikono nyuma, akajibu: "Yes sir, we will." Tulicheka sana. Mgeni alikuwa anakisia tu, kama sisi tunavyosema "lazima mna njaa nyinyi". Neno letu lazima nalo hufanya kazi hiyo hiyo ya kukisia, mtoto angeweza kulielewa kwa urahisi. Lakini masikio yake yaliposikia "must", mgongo ukanyooka. Amezoezwa. Nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Sasa nieleze, kwa wale waliofundishwa kama mimi, kilichofichwa ndani ya yale mabano makubwa. Sitachukua muda mrefu.

"Must" ni amri au sharti lenyewe. Anayesema ameweka uzito wake hapo, au kanuni imeuweka. "Have to" mara nyingi ni lazima itokayo nje: hali imekubana, mvua, sheria, njaa, bosi wa mtu. Kwa Kiswahili hiyo ndiyo inabidi. "Should" na "ought to" ni ushauri, au jambo linalotarajiwa. Usipolifanya unaweza kuulizwa, na ukiwa na sababu unaweza kusikilizwa. Hiyo ni inafaa, au ingefaa, au ni vizuri.

Mambo yanapinduka kwenye kukanusha. "Must not" ni marufuku: usifanye. "Do not have to" ni kufunguliwa: si lazima, fanya ukitaka. Maneno mawili yanayokaribiana sana yakiwa yanakubali, yakikataa yanatengana kama mlima na ziwa. Na hapo ndipo Kiswahili chetu cha haraka haraka kinatuangusha. Ukisema "hutakiwi kuja", msikilizaji mmoja ataelewa kwamba hahitajiki, mwingine kwamba amefukuzwa. "Hupaswi kuja" ndiyo mbaya zaidi, maana wengi wakiisikia wanaelewa katazo. Kumbe njia ilikuwa nyepesi: "Si lazima kuja na watoto." Maneno matano. Mama yule angekuja na mwanawe mgongoni.

Nina mfano mwingine, nao haunihusu mimi kwa makosa, unanihusu kwa hasira. Lilitoka tangazo la mafunzo ya kompyuta ya miezi sita. Ukurasa mmoja, mistari minane. Mstari wa umri ulisema "must": lazima uwe na miaka 18 hadi 30. Mstari wa cheti ulisema "should": ingefaa uwe na cheti cha shule. Mwandishi wa tangazo alikuwa na maneno yote mawili mkononi, akachagua hili hapa na lile pale. Mtu akiandika maneno mawili tofauti kwenye ukurasa mmoja, ujue anataka kusema mambo mawili tofauti.

Aliyelisoma kwa sauti mbele ya vijana, mmoja wetu, alisoma yote mawili kwa neno moja: lazima, lazima. Binti mmoja wa klabu yetu, ambaye nikiwa na swali la hesabu namwendea yeye, alisimama akaondoka. Vyeti vyake vilibaki kwenye nyumba iliyochomwa kule Kongo. Mwenzake asiyekuwa na cheti vilevile, ila aliyelisoma tangazo mwenyewe, aliambatisha barua ya mwalimu wake wa zamani aliyemkuta hapa hapa kambini. Akachukuliwa. Binti wa hesabu leo anauza nyanya barabarani. Kuuza nyanya si aibu, nyanya zake ni nzuri na mimi ni mteja. Lakini hakukataliwa na mafunzo yale. Alikataliwa na tafsiri.

Hapa wazee hunisimamisha. Kuna mkalimani mmoja wa siku nyingi, mtu ninayemheshimu kama baba, aliniambia: "Kijana, wewe unacheza na maneno. Kwa mkimbizi hakuna should. Ukiambiwa ingefaa, fanya. Hawa watu wanaamrisha kwa upole, upole wao usikudanganye."

Siwezi kusema baba huyu amekosea yote. Kuna ukweli mchungu ndani yake. Bosi anayesema "you might want to come early tomorrow" anataka uje mapema, na ukichelewa utaona. Askari akikuambia "you should move from here", wewe sogea, usianze kumfundisha sarufi. Mwenye nguvu anaweza kuifunga amri ndani ya kitambaa cha ushauri, na "should" ya ofisi wakati mwingine ni "must" iliyovaa viatu laini. Sitawadanganya vijana kwamba kila "should" ni mlango wazi.

Lakini jibu langu ni hili, baba. Mwandishi anapoandika "should", mara nyingi ni kwa sababu kanuni yake mwenyewe haimruhusu kuandika "must". Wewe ukiigeuza kuwa lazima, umemwongezea nguvu ambayo hata yeye hakuiomba. Umefanya kazi yake bila mshahara, tena dhidi ya watu wako. Kama kweli neno ni laini na amri ni ngumu, basi kazi ya mkalimani ni kusema: "Imeandikwa ingefaa, lakini ulizeni." Neno ulizeni halimfukuzishi mtu kazi. Binti wa hesabu angeuliza.

Na mara nyingine hatari haiko kwenye tangazo. Iko kwenye maisha yetu tunapoyasimulia. Hili ndilo linalonikosesha usingizi.

"Must" ya Kiingereza haina wakati uliopita. Jana huwezi kusema "I must". Ukitaka kusema kwamba jana ulilazimika, inabidi uazime neno jingine: "I had to." Jambo dogo la sarufi, mwalimu analipita kwa dakika mbili. Sasa fikirini maisha ya mkimbizi ni nini kama si hiyo "had to"? Niliacha shamba, I had to. Niliacha baba kaburini bila matanga, I had to. Anayesema "I left" amesema aliondoka, kama mtu anayehamia mji mwingine kutafuta kazi. Anayesema "I had to leave" ameeleza kwamba hakubakiwa na njia. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi kwa hofu yenye msingi iliyomtoa kwao. Hofu hiyo, kwa Kiingereza cha kila siku, inakaa ndani ya hayo maneno mawili madogo.

Muzee mmoja kutoka upande wa Fizi alinisimulia mahojiano yake. Alisema kwa Kiswahili chetu: "Nilipashwa kutoka usiku ile ile." Kwetu hiyo inaeleweka: ilibidi nitoke, na nikatoka. Mkalimani wake hakuwa Mkongomani. Alizoea Kiswahili cha kwingine, ambako mtu akisema "nilipaswa kuondoka" mara nyingi anamaanisha alitarajiwa kuondoka lakini hakuondoka. Kwa hiyo akatafsiri: "He was supposed to leave that night." Mwulizaji, kwa haki yake kabisa, akauliza: sasa uliondoka lini hasa? Muzee akasema, nimeshakuambia, usiku ule. Akaulizwa tena. Akakasirika. Muzee wetu akikasirika hunyamaza. Dakika kumi zikapotea, na aliyekuwa anasimulia usiku mbaya kuliko yote ya maisha yake akaanza kuonekana kama mtu anayebadilisha habari.

Hakuna aliyesema uongo katika chumba kile. Neno moja la lazima lilivuka kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili, kisha kwenda Kiingereza, likafika limekatika mguu.

Wengine mtasema sasa: kijana, watu wana njaa, mgao umepungua, wewe unatuletea vitenzi visaidizi. Nimeisikia hii mara nyingi, hata na vijana wenzangu. Nami nauliza: tangazo la kupungua kwa mgao limeandikwa kwa nini? Kwa vitenzi hivyo hivyo. Nani "must" kuja na kadi, nani "may" kuondolewa kwenye orodha, nani "should" kuripoti na mpaka lini. Njaa yenyewe inatufikia ikiwa imeandikwa. Asiyejua kusoma nguvu ya neno atakufa njaa akiwa na haki mfukoni.

Hata watu wa mashine wamelijua hili kabla yetu. Kijana mmoja wa klabu anayejifunza kompyuta alinionyesha waraka wa wahandisi wa intaneti wa mwaka 1997, wanauita kwa namba, 2119. Kurasa chache tu. Kazi yake yote ni kueleza maneno: tukiandika MUST tunamaanisha sharti lisiloepukika, tukiandika SHOULD tunamaanisha kwamba zinaweza kuwepo sababu nzuri za kutofanya, ila uzipime kwanza, tukiandika MAY ni hiari kabisa. Walikaa wakaandika hivyo ili mashine za Japani na za Brazili zisigombane. Sisi ni watu, tena wenye watoto wanaonyonya, na hakuna aliyekaa kutuandikia hata nusu ukurasa.

Sasa niwapeleke pale ambapo hatupelekwi kamwe: kwenye lazima zinazowahusu wao.

Kiingereza cha sheria kina neno "shall". Darasani tulifundishwa kwamba ni wakati ujao wa "I" na "we", habari ikaishia hapo. Kumbe ukichimba mzizi wake, katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa na maana ya kudaiwa, kuwa na deni. "Ought" nayo imetoka kwenye "owe", neno lile lile la deni. Yaani Waingereza nao, kama Wafaransa na "devoir" yao, walianza kusema lazima kwa lugha ya duka la mkopo. Basi tuulize kama tunavyouliza dukani: nani anamdai nani?

Fungueni mkataba ule wa mwaka 1951, uliotiwa saini Geneva tarehe 28 Julai. Ibara ya 27 ni sentensi moja: nchi zilizoingia mkataba "shall issue" hati za utambulisho kwa mkimbizi yeyote aliye katika ardhi yao asiyekuwa na hati halali ya kusafiria. Nani anayelazimishwa katika sentensi hiyo? Ni nchi. Mkimbizi ni mdai. Ibara ya 22 inasema nchi hizo "shall" kumpa mkimbizi elimu ya msingi sawasawa na raia. Ibara ya 33, ile inayokataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake yako hatarini, nayo imesimama juu ya "shall". Deni, deni, deni.

Tukizitafsiri kwa Kiswahili tunasema "zitatoa", "zitampa". Na kwa masikio yetu ya kambini, "zitatoa" inasikika kama ile "tutaangalia" ya mtu wa ofisini siku ya Ijumaa. Si hivyo. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inasema "kutakuwa na Rais", na hakuna Mtanzania anayeisoma kama utabiri wa hali ya hewa. Ni sharti. Kifaransa cha mkataba, ambacho kina nguvu sawa na Kiingereza chake, nacho kinatumia wakati ujao: "délivreront". Hiyo -ta- ya sheria ina meno. Afrika Kusini walipoandika katiba yao ya mwaka 1996 waliamua kuacha "shall" karibu kabisa na kuandika "must", ili mtu wa kawaida asikie meno hayo bila mwanasheria. Humo ni dola inayoambiwa "must" kuheshimu haki na kuzilinda.

Sisemi kwamba ukishajua "shall" utapewa hati kesho asubuhi. Mkataba wenyewe unajua kujificha. Ibara ya 34, kuhusu kumsaidia mkimbizi kupata uraia, inasema nchi "shall" kufanya hivyo, kisha inaongeza "as far as possible", kadiri inavyowezekana, na hapo deni linageuka kuwa lile la rafiki anayesema nitakulipa nikipata. Ibara ya 28 ina yote mawili ndani ya aya moja: kwa mkimbizi anayeishi kihalali nchi "shall" kutoa hati ya kusafiria, isipokuwa kwa sababu nzito za usalama; kwa mkimbizi mwingine aliyemo nchini "may" kuitoa, yaani ikipenda. Wewe uko upande gani wa aya hiyo? Ni vizuri ujue kabla hujapanda bodaboda kwenda kulia mlangoni. Na Ibara ya 2 inatukumbusha kwamba sisi nasi tuna wajibu, wa kufuata sheria za nchi iliyotupokea. Nakubali. Ila sasa tunajua lazima yetu ni ipi na yao ni ipi, hatubebi zote kichwani peke yetu.

Basi nataka nini? Nataka mambo manne, na si makubwa.

Wakalimani na watafsiri, nikiwemo mimi: tufute "hutakiwi" na "hupaswi" kwenye matangazo. Kama ni marufuku tuandike usifanye, au ni marufuku. Kama ni hiari tuandike si lazima. "Must" iwe lazima, "have to" iwe inabidi, "should" iwe inafaa, na mbele yake tuongeze: ukishindwa, uliza. Kiswahili kina lazima, sharti, hana budi, inabidi, yapasa, inafaa, afadhali, si lazima, huna haja. Hatukukosa maneno, tulikosa dakika tano.

Wanaomtafsiria Mkongomani: akisema nilipashwa, msikimbilie "supposed". Mwulizeni, ulitoka? Akisema nilitoka, basi ni "had to".

Walimu: badilisheni mtendwa. Kwa kila "you must obey", andikeni moja ambayo mwenye lazima ni mwingine. The driver must stop. The shop must give change. The office must answer. Mtoto ajue kwamba lazima inazunguka, haimkalii yeye tu mgongoni.

Na vijana: kila mkiona neno la lazima kwenye karatasi yoyote, ulizeni maswali mawili kabla hamjatii wala kukata tamaa. Nani anayelazimishwa hapa? Nisipofanya, nini kitatokea, na nani kasema? Karatasi ikishindwa kujibu, pelekeni swali kwa aliyeiandika.

Yule mtoto wa miezi mitatu sasa anatembea, anakimbiza kuku, na hana habari kwamba aliwahi kushinda njaa siku nzima juu ya neno langu moja. Mama yake anayo habari. Alinisamehe, lakini hajasahau, na sitaki asahau. Kila karatasi mpya ikibandikwa, akiniona napita huniita kutoka mbali, mbele ya watu wote:

"Mwanangu, njoo usome. Hii ni lazima ya kweli, ao ni ile yako?"